Wiski ya Rai na Mawaziri wa Fedha

Tarehe 3 Machi ina mambo yake kwa wanywaji wa wiski ya rai. Siku hiyo, mwaka 1791, Rais George Washington alitia saini sheria ya kutoza kodi pombe kali inayopikwa ndani ya Marekani. Siku kama hiyo, mwaka 1897, ikapita sheria nyingine, ya kumpa mnywaji dhamana ya serikali kwamba kilichoandikwa kwenye chupa ndicho kilichomo. Ya kwanza ilizaa uasi. Ya pili ndiyo inayonisaidia mpaka leo nikisimama mbele ya rafu hapa Pittsburgh na dola 30 mkononi, nikitafuta chupa ambayo haitanidhulumu. Nyuma ya kila moja alikuwepo waziri wa fedha.

Mimi ni mhasibu. Mama yangu alikuwa akipika mbege kule Marangu na ada yangu ya shule ilitoka humo, kwa hiyo pombe na hesabu nimevijua pamoja tangu utotoni. Wanaoandika kuhusu wiski huanza na ulimi: vanila, asali, ngozi ya tandiko (nani amewahi kulamba tandiko la farasi?). Nitafika huko kwenye ulimi. Ila wiski hii ya rai huwezi kuielewa kabla hujaifungulia daftari, maana waliokaa hazina wameifinyanga kuliko waliosimama mitamboni.

Rai ni nafaka ya watu wenye shida. Ni jamaa ya ngano, shina lake refu, punje nyembamba za kijivu zinazoelekea kijani, na inastahimili ardhi iliyochoka na baridi ambayo ngano haiiwezi. Wajerumani waliohamia Pennsylvania katika karne ya 18 waliipanda kwa ajili ya mkate. Majirani zao, watu wa asili ya Scotland waliotokea kaskazini mwa Ireland, walikuja na ujuzi wa kukeneka pombe. Kwao walizoea shayiri; huku wakakuta rai imejaa ghalani, wakaitia mtamboni.

Walioishi magharibi mwa milima ya Allegheny, kwenye mabonde ya mito Monongahela na Youghiogheny, soko lao lilikuwa mashariki, ng'ambo ya milima, na njia ilikuwa ya farasi. Farasi mmoja alibeba kilo 100 hivi za nafaka. Nafaka ikishageuzwa wiski na kutiwa kwenye vipipa viwili, farasi yuleyule alivusha mlimani thamani ya kilo 600. Hesabu hiyo haihitaji mhasibu. Tena sarafu zilikuwa adimu upande ule, na wiski ikafanya kazi ya pesa: kibarua alilipwa wiski, mwenye duka alipokea wiski.

Hapo ndipo Alexander Hamilton, waziri wa kwanza wa fedha wa Marekani, alipotia mkono. Taifa lilikuwa na madeni ya vita vya uhuru, na yeye alitaka serikali kuu ibebe hata yale ya majimbo. Pombe akaihesabu kuwa anasa, ikatozwa. Shida ilikuwa kwenye namna ya kulipa. Mpishi wa kijijini aliweza kutozwa kwa kila galoni, au kwa ukubwa wa mtambo wake kwa mwaka mzima. Tajiri aliyepika bila kupumzika alilipa ile ya mkupuo, na galoni zake nyingi zikagawana kodi ileile mpaka ikawa haba. Mkulima aliyepika majuma machache baada ya mavuno hakuwa na galoni za kugawanya. Na kodi ilidaiwa kwa fedha taslimu, kutoka kwa watu ambao fedha yao ilikuwa hiyohiyo pombe. Aliyekaidi aliitwa mahakamani Philadelphia, kilomita zipatazo 480, shamba likabaki halina mtu. Nikiisoma sheria ile kwa jicho la kazi yangu, namwona mtu mwenye akili nyingi ambaye hajawahi kukaa karibu na mpika pombe anapohesabu vijisenti vyake Jumamosi jioni.

Septemba 1791, mkusanya kodi Robert Johnson alivamiwa karibu na Pigeon Creek na wanaume waliovaa nguo za kike. Wakamkata nywele, wakampaka lami, wakambandika manyoya ya ndege, kisha wakaondoka na farasi wake. Miaka iliyofuata ilikuwa ya vitisho vya namna hiyo. Matangazo yaliyosainiwa kwa jina la bandia, Tom the Tinker, yaliwaonya waliokubali kulipa; wengine walikuta mitambo yao imetobolewa kwa risasi. Julai 1794 mambo yakafurika. Ofisa wa mahakama alifika shambani kwa William Miller kumpa hati ya kumwita Philadelphia, akiongozwa na Jenerali John Neville, mkaguzi wa kodi wa eneo lile na mwenyewe tajiri mwenye watumwa. Siku mbili baadaye mamia ya wenye bunduki walikuwa wameizunguka nyumba ya Neville kwenye kilima cha Bower Hill. Kiongozi wao, Meja James McFarlane, aliyepigana vita vya uhuru, akauawa kwa risasi. Nyumba ikachomwa moto.

Washington akakusanya wanamgambo karibu 13,000. Alikwenda nao mwenyewe hadi Bedford, kisha akawaachia wengine, na Hamilton hakukosekana katika msafara. Waasi walitawanyika kabla ya kupigana. David Bradford, mwanasheria aliyewachochea, akatorokea Louisiana iliyokuwa ya Wahispania. Katika wote waliokamatwa, wawili tu walipatikana na hatia ya uhaini, John Mitchell na Philip Wigle. Walihukumiwa kunyongwa, Washington akawasamehe. Kodi yenyewe ilifutwa mwaka 1802, Thomas Jefferson akiwa rais, baada ya kukusanywa kwa tabu miaka yote hiyo.

Mwaka 1797, miaka mitatu tu baada ya kupeleka jeshi dhidi ya wapika wiski, Washington alianza kupika wiski ya rai. Meneja wa mashamba yake ya Mount Vernon, Mskoti James Anderson, ndiye aliyemshawishi. Mwaka 1799 kiwanda kile cha mitambo 5 ya shaba kilitoa karibu galoni 11,000, yaani lita 41,000 hivi, kikawa miongoni mwa vikubwa nchini. Waliobeba maji, waliokoroga na waliochochea moto walikuwa watumwa: Hanson, Peter, Nat, Daniel, James na Timothy. Faida ilikuwa ya mzee.

Daftari za Mount Vernon zimehifadhi vipimo: rai asilimia 60, mahindi 35, kimea cha shayiri 5. Hicho kimea kidogo ndicho kinachofanya kazi kubwa, kwani bila hicho wanga wa nafaka haugeuki sukari, na pasipo sukari hakuna cha kuchachuka. Anayejua kuulowesha ulezi, kuuotesha, kuuanika na kuusaga kwa ajili ya mbege haelekezwi jambo hilo. Tofauti ni kwamba rai ni nafaka korofi. Uji wake unanata kwenye mwiko, unapanda povu, na ukigeuza mgongo unafurika mpaka sakafuni. Mpishi mmoja hapa mjini aliniambia mahindi huyapika huku anakunywa kahawa. Rai haimpi nafasi hiyo.

Wiski ya Washington iliuzwa ikiwa nyeupe, haikulazwa kwenye pipa miaka. Rangi ilikuja baadaye, wapishi walipozoea kuilaza katika mapipa ya mwaloni yaliyounguzwa ndani, na hapo bonde la Monongahela likapata jina. Mennonite mmoja wa asili ya Kijerumani, Abraham Overholt, alianza kupika mwaka 1810 pale West Overton, kusini-mashariki mwa Pittsburgh. Ukoo wake ukajenga kiwanda kikubwa zaidi Broad Ford, kando ya mto Youghiogheny. Kufikia mwaka 1851, Herman Melville alipotoa *Moby-Dick*, aliweza kuitaja Monongahela humo kama kinywaji ambacho msomaji anakijua tayari. Mjukuu wa Abraham, Henry Clay Frick, aliyezaliwa hapohapo West Overton, alikuja kuwa mfalme wa makaa ya kuyeyushia chuma. Mjukuu huyo tutakutana naye tena kwa sababu ya rafiki yake.

Jina likishakuwa kubwa, wezi wa jina hawakawii. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyokwisha mwaka 1865, wachanganyaji walinunua spiriti tupu, wakaitia rangi ya sukari iliyoungua, wakaongeza juisi ya plamu kavu na vingine visivyotajika mezani, wakaandika kwamba ni wiski kuukuu. Ndipo akaingia waziri wa pili wa fedha katika habari hii, John G. Carlisle. Sheria ya 1897, iliyopita akiwa katika siku zake za mwisho ofisini, ilisema hivi: pombe itakayoitwa "Bottled-in-Bond" iwe imepikwa na mpishi mmoja, katika kiwanda kimoja, msimu mmoja, ilazwe angalau miaka 4 kwenye ghala lililo chini ya ulinzi wa serikali, itiwe chupani ikiwa na kilevi asilimia 50, wala isiongezwe kitu isipokuwa maji. Mpishi alipata nafuu ya kutolipa kodi mpaka pipa litoke ghalani, na serikali ikaweka mtu wake na kufuli yake pale mlangoni. Carlisle hakuwa malaika. Alikuwa mtu wa Kentucky, na wapishi wakubwa wa huko ndio waliotaka sheria hiyo iwakomoe wachanganyaji. Hata hivyo ni miongoni mwa sheria chache za kodi ninazozijua ambazo mtu wa kipato kidogo anaweza kuzishika mkononi na kuzinywa.

Waziri wa tatu ndiye anayenifurahisha zaidi. Andrew Mellon, wa ukoo wenye benki hapa Pittsburgh, alikuwa rafiki wa Frick na mwenye hisa pamoja naye katika kampuni ya Overholt. Tangu tarehe 17 Januari 1920 pombe ilipigwa marufuku Marekani nzima. Mwaka 1921 Mellon akateuliwa waziri wa fedha, na wizara yake ndiyo iliyopewa kazi ya kuisimamia marufuku hiyo. Kwa hiyo mkuu wa wakamata pombe wa nchi nzima alikuwa ni mtu mwenye mali katika wiski. Overholt, kwa upande wake, ilikuwa miongoni mwa kampuni zilizoruhusiwa kuuza akiba zao kama dawa, kwa cheti cha daktari. Inaelekea kikohozi kilizidi sana miaka ile.

Sisi Afrika Mashariki hatuna haki ya kucheka sana. Kenya ilipiga marufuku chang'aa mwaka 1980, ikaja kuihalalisha mwaka 2010, na katika miaka yote 30 hakuna aliyekosa chang'aa akiitafuta. Mtanzania anajua gongo inauzwa wapi mtaani kwake hata kama hainywi. Marufuku haikuzuia kupika. Ilichoondoa ni yule mtu wa serikali mwenye kufuli mlangoni, na bila yeye mnywaji hajui amekunywa nini mpaka macho yaanze kuingia kiza.

Marufuku ya Marekani ilikoma tarehe 5 Desemba 1933. Gavana wa Pennsylvania, Gifford Pinchot, aliichukia pombe na hakuficha. Akahakikisha kwamba pombe kali katika jimbo lake itauzwa kwenye maduka ya serikali. Maduka hayo yapo hadi leo, na mimi ni mteja wao.

Rai haikuinuka tena sawasawa. Wiski haipikwi leo ikanywewa kesho. Akiba ilikuwa imekwisha na watu walikwisha zoea wiski nyepesi ya Kanada. Vita vya pili vya dunia vilipofika, viwanda viligeuziwa kutengeneza alkoholi ya kazi za kijeshi. Mahindi ya Kentucky yalikuwa rahisi na matamu kwa ulimi wa wengi. Broad Ford ilizima mitambo mwaka 1951. Magofu yake ya matofali yamebaki kando ya mto. Jina la Old Overholt likahama mikono, na tangu mwaka 1987 liko kwa Jim Beam, Kentucky. Rittenhouse, iliyozaliwa Philadelphia mara baada ya marufuku, nayo ni ya Kentucky, mikononi mwa Heaven Hill. Kiwanda cha Michter's huko Schaefferstown, ambacho asili yake inarudi hadi mwaka 1753, kilifungwa mwaka 1990. Jimbo lililochukua bunduki kwa ajili ya rai likawa linaiagiza kutoka kwa jirani, na jirani mwenyewe akiipika siku chache tu kwa mwaka.

Kilichoifufua ni wahudumu wa baa. Mwanzoni mwa karne hii walianza kufukua vitabu vya zamani vya kuchanganya vinywaji, wakakuta kila ukurasa unadai rai. Mwaka 2011 sheria ya Pennsylvania ilibadilishwa, viwanda vidogo vikaruhusiwa kumwonjesha mteja na kumuuzia palepale. Hapa Pittsburgh kikafunguliwa kiwanda kilichojiita Wigle, kwa jina la yule mhaini aliyesamehewa. Vingine vikafuata, na pale West Overton kwa Abraham Overholt wameanza tena kupika.

Mwisho wa mwaka 2017 hazina ikatia tena mkono, safari hii kwa upole. Kodi ya serikali kuu ilikuwa dola 13.50 kwa kila galoni ya pombe ya asilimia 50. Kwa galoni 100,000 za kwanza za kila kiwanda ikashushwa hadi dola 2.70, na mwaka 2020 nafuu hiyo ikafanywa ya kudumu. Nimepiga hesabu: kwa chupa ya mililita 750 yenye kilevi asilimia 50, kodi ilishuka kutoka dola 2.67 hadi senti 53. Mpishi mdogo alipata zaidi ya dola mbili kwa kila chupa. Hamilton alimpendelea mwenye mtambo mkubwa; ilichukua zaidi ya miaka 220 kugeuza kibao.

Sasa tuonje.

Jumamosi moja shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alikuja kutoka Ohio, nikapanga chupa tatu mezani. Old Overholt, ya bei ya chini kuliko zote, kilevi asilimia 43. Rittenhouse yenye dhamana ya 1897, asilimia 50, dola chache chini ya 30. Na ya tatu ya kiwanda kidogo cha hapa jimboni, dola 35, umri miaka 2. Jina lake nalihifadhi kwa kuwa nina maneno nayo. Glasi ziwe zile zilizobanwa mdomoni ili harufu isitawanyike. Barafu hapana. Maji kidogo pembeni, ya kuongeza kwa matone. Unanusa huku mdomo umeachama kidogo, la sivyo kilevi kinapiga pua na husikii kingine.

Old Overholt ilinukia karanga na ganda la chungwa lililokauka. Mdomoni ni nyepesi, pilipili manga inapita haraka haraka, halafu imekwisha. Shemeji alimaliza yake wakati mimi bado nainusa. Ni kinywaji cha mtu anayetaka kuzungumza na si kusikiliza glasi, na kwa bei ile simlaumu. Ila Abraham Overholt angefufuka leo sidhani angeitambua: ile ya bonde lake ilikuwa nzito, yenye rai nyingi na kimea, na hii imepikwa kwa mtindo wa Kentucky.

Rittenhouse ni habari nyingine. Kwanza inakuja sukari guru, kisha mdalasini, na nyuma yao karafuu, si ya kubahatisha, ni karafuu kabisa ya kwenye pilau. Hilo lina sababu zake. Mwaloni uliounguzwa hutoa eujenoli, ambayo ndiyo roho ya mafuta ya karafuu za Pemba na Unguja, na rai yenyewe ikichachuka huzaa harufu nyingine iliyo jamaa yake. Wazungu wa vitabu vya wiski huandika "viungo vya kuoka", wakaishia hapo. Mtu aliyekulia kwenye jiko la pilau anavitenganisha kimoja kimoja. Ukali wa asilimia 50 unashika koo lakini hauchomi. Ukidondoshea maji matone mawili matatu, utamu unajitokeza zaidi. Niliiacha glasi tupu mezani usiku kucha. Asubuhi ilikuwa inanukia mkate na vanila, na hicho ni kipimo ninachokiamini kuliko medali zinazobandikwa shingoni mwa chupa.

Ya tatu ndiyo iliyotuchelewesha. Nilidondosha tone kiganjani, nikasugua viganja mpaka kilevi kikaruka, nikanusa. Hapo kulikuwa na nafaka: mkate mweusi wenye kisibiti, nanaa, majani mabichi. Rai nzima ilikuwa mle kiganjani, hai kuliko kwenye zile mbili. Yule aliyeipika anaijua kazi yake na amenunua nafaka nzuri. Mdomoni ilianza vizuri, tamu ya uji, halafu pilipili manga, halafu pakaja ukakasi, ule wa ndizi mbichi, ukakaza ulimi na mashavu na hauondoki. Shemeji akaweka glasi chini.

"Shemeji, hii ni gongo iliyovaa suti."

Nikamwambia anaionea. Gongo haina nafaka nzuri namna hii. Lakini nilimwelewa. Mpishi mdogo ana mkopo wa benki, ana kodi ya pango, na pipa la kawaida la galoni 53 linamtaka asubiri miaka 4 au zaidi. Wengi wao, hasa miaka ya mwanzo, walikimbilia mapipa madogo ya galoni 10 au 15, ambayo mbao yake inagusa pombe kwa wingi zaidi. Rangi inakuja upesi, wiski inapendeza dukani. Kisichokuja upesi ni ule ulaini unaoletwa na pumzi za pipa kubwa, likivuta na kutoa, kiangazi na baridi, mwaka hata mwaka. Chupa hii ilikuwa na mbao nyingi na muda mchache.

Wapo wanaokwepa kusubiri kwa njia nyingine: wananunua wiski iliyokwisha lala kutoka kiwanda kikubwa cha Lawrenceburg, Indiana, kinachopika rai ya asilimia 95, kisha wanaitia kwenye chupa zao. Wiski hiyo ni nzuri, nimeinywa kwa furaha. Kinachonikera ni picha ya babu mwenye ndevu na ghala la mbao kwenye lebo ya kampuni ambayo haina hata mtambo. Sheria ya Marekani inataka jimbo ilikopikwa litajwe, kwa hiyo geuza chupa usome nyuma, kwenye maandishi madogo. "Distilled by" maana yake amepika mwenyewe. "Produced by" na "Bottled by" si lazima iwe hivyo. Neno "straight" linakuhakikishia miaka 2 angalau kwenye pipa jipya la mwaloni lililounguzwa, na kama umri haujafika miaka 4, lazima uandikwe. Na ili iitwe rai, nafaka ya rai isipungue asilimia 51; viwanda vikubwa vya Kentucky hukaa jirani sana na mpaka huo, vidogo vya huku Pennsylvania huuvuka kwa mbali. Ukipenda rai kwa ajili ya rai, hao wadogo ndio wa kuwatazama.

Hukumu yangu, basi. Mwenye dola 30 na asiyetaka kubahatisha achukue Rittenhouse. Carlisle na kufuli yake wamekwisha mlipia ulinzi. Old Overholt ni ya kuchanganyia, na haina aibu hapo. Ile ya kiwanda kidogo nilimalizia kuipikia mchuzi wa nyama ya nguruwe, ikapendeza mno. Mwenye kiwanda ameanza kujaza mapipa makubwa, na la kwanza litafikisha miaka 4 mwakani. Nitanunua chupa, hata akiipandisha bei.